Maua ya Uani kwa Mama Viti

Mtu mwenye njaa ya kawaida akiingia mtaa mgeni hutazama wapi panatoka moshi wa jikoni. Mtafiti yeye hutafuta wapi watu wanalalamika. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la dawa, anajifanya anachagua mswaki, huku masikio yamemsimama kama ya sungura.

"Kapsuli zako nimempa mwanangu zote," mama mmoja alikuwa akimwambia mwenye duka, "na kifua bado kinakoroma kama cherehani mbovu."

"Dada yangu, kosa si la kapsuli," akajibu Muuza Dawa, akiendelea kufuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Vijidudu vya siku hizi ni sugu. Hujasikia redioni? Vimeizoea dawa. Ongeza dozi nyingine."

Yule mama akaongeza dozi nyingine, akashukuru, akaondoka. Ndivyo watu wema wanavyofanya.

Mtafiti akaurudisha mswaki mahali pake. Kichwani mwake sufuria lilikuwa limeshaanza kutokota. Hapa pana watu wanaoogopa vijidudu sugu. Hapa pana mwenye duka ambaye tamaa inamtoka hadi kwenye nywele. Na pale nje, ubavuni mwa duka, limeegeshwa gari dogo la mizigo, jeupe, lenye mlango wa nyuma wa kuteleza. Hilo gari ndilo lililomkata maini. Mtu wa kazi yake, mwenye kuhama miji kwa ghafla, huku anaitwa kwa sauti na watu wengi kwa pamoja, anahitaji sana usafiri wake mwenyewe.

Jina la Mtafiti alijipa mwenyewe. Koti lake jeupe lilikuwa la muuza nyama mmoja aliyestaafu, na madoa mawili ya kifuani yaliyokataa kutoka aliyaeleza, kwa unyenyekevu, kuwa ni iodini. Miji aliyopitia ilimpa majina mengine, ila hayo si ya kuandika mahali ambapo watoto wanaweza kusoma.

Akazunguka nyuma ya duka. Kulikuwa na ua mpana wenye sakafu ya saruji, safu za viti vya plastiki zilizopangwa ukutani, mahema yaliyokunjwa, na katikati, katika mraba mdogo wa udongo, mti wa mlonge uliojaa maua. Chini maua meupe yametapakaa kama bisi zilizomwagika. Nani asiyeujua mlonge? Majani hukaushwa na kutwangwa, mbegu hutafunwa, mizizi huchemshwa na watu wasioogopa uchungu. Maua peke yake ndiyo hayana kazi. Yanaanguka, yanafagiliwa.

Mtafiti akainama, akajaza mfuko wa koti. Kupanda mti hakupanda, maana matawi ya mlonge yanakatika kama biskuti, naye aliupenda sana uti wake wa mgongo.

Alasiri alirudi dukani, safari hii na mkoba.

"Mzee wangu, huu mti wa nyuma ni wa nani?"

"Wangu," akasema Muuza Dawa.

Mti, nyumba, ua na gari, vyote vilikuwa vya mkewe, aliyevirithi kwa baba yake na kuviongeza kwa jasho lake kwa kukodisha viti na mahema, ndiyo maana mji mzima ukamwita Mama Viti. Lakini midomoni mwa waume fulani neno "wangu" ni pana kama hema la harusi.

"Mmeshawahi kuyachemsha maua yake?"

"Maua? Si yanafagiliwa tu hayo. Dawa ni majani."

Mtafiti akafumba macho kama aliyeletewa habari za msiba. "Yanafagiliwa," akarudia taratibu. "Ulimwengu mzima wataalamu hawalali, wanasaka kitu cha kuua vijidudu sugu. Na hapa kinafagiliwa." Akatoa kitambaa, akajifuta jicho ambalo lilikuwa kavu kabisa.

"Unataka kusema nini?"

"Mimi sisemi, mzee. Anayesema ni muuza maneno. Mimi naonyesha. Tema mate."

"Nini?"

"Tema mate hapa. Nitakuonyesha kwa vijidudu vyako mwenyewe, usije ukasema nimekuja na vya kukodi."

Muuza Dawa alipenda kutumikiwa kuliko kuelewa, akatema. Mtafiti akayapaka yale mate, kwa kijiti chenye pamba, juu ya sahani ndogo ya kioo. Ndani ya sahani alikuwa amemimina mchuzi wa nyama uliogandishwa kwa unga wa mwani, laini kama jeli, chakula ambacho vijidudu hukipenda sana. Kisha akatoa vikaratasi viwili vya mviringo, vidogo kama vifungo vya shati, akavishika kwa kibanio kama anayeshika kope za mfalme.

"Cha kushoto kimelowekwa dawa ya hospitali. Cha kulia kimelowekwa maji ya maua yako. Kesho kutwa vijidudu vitakuwa vimejaa sahani yote, kama ukungu kwenye kioo. Penye dawa inayoua patabaki duara safi. Hapo utajua nani mwanamume."

Ulikuwa uongo mzuri, umepigwa pasi. Cha kulia ndicho kilicholowekwa dawa ya hospitali, zile kapsuli nyekundu alizozinunua asubuhi hapo hapo kaunta na kuzipasua. Cha kushoto ndicho cha maua, maana kwa imani yake maua yale hayakuwa na nguvu kuliko chai ya mgonjwa. Duara litatokea kulia, Muuza Dawa atalisifu ua, gari litaondoka. Sahani ikafunikwa, ikawekwa juu ya friji, kule nyuma kunakotoka joto.

Siku ya kuifunua ilipofika, Mtafiti ndiye aliyeishusha. Akaitupia jicho.

Duara lilikuwa kushoto. Safi, pana, lenye kingo kama lililochorwa kwa bikari. Na kulia, penye ile dawa ya hospitali, vijidudu vilikuwa vimekipanda kikaratasi chenyewe na kukifanya godoro.

"Vipi?" akauliza Muuza Dawa, shingo imerefuka.

"Hapa pana giza, mzee. Tusogee dirishani." Na katika kusogea huko, Mtafiti akaigeuza sahani nusu mzunguko, kwa upole, kama anayemgeuza mtoto aliyelala. Walipofika dirishani duara lilikuwa kulia.

"Mungu wangu! Na haya ni mate yangu?"

"Ni yako, mzee, na nakupa pole."

"Na hapa kushoto ni dawa ya hospitali?"

"Imelala chali. Si ulisema mwenyewe vijidudu ni sugu?"

Muuza Dawa alikuwa amelisema hilo kwa wateja kila siku, na alishangaa kidogo kugundua kwamba kumbe linaweza kuwa kweli. Halafu mshangao ukaondoka, tamaa ikavuta kiti.

"Nani mwingine anajua habari hii?"

"Wewe, mimi, na Mungu."

"Mungu hana duka la dawa. Ninayemwogopa ni wewe."

"Ndiyo maana nataka nikuachie siri yote, mzee, niende zangu. Fedha siitaki, fedha inachafua sayansi. Ninachohitaji ni chombo tu cha kunifikisha vijijini kwenye utafiti wangu. Hata kigari kidogo. Hata kama kile cheupe."

Gari lilisajiliwa kwa jina la Muuza Dawa kwa sababu moja tu: siku ya kusajili, yeye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kupanga foleni. Na sasa Mama Viti alikuwa amekwenda na vijana wa kazi kufunga hema kwenye mkutano wa wiki nzima, wamepelekwa na gari la wenye mkutano. Kadi ya gari ilikuwa kabatini chini ya mashuka. Hakuna shujaa katika vita yoyote aliyewahi kuinua mashuka kwa ujasiri kama ule. Wakaandikiana: siri ya maua na matumizi yake ni ya Muuza Dawa, gari ni la Mtafiti. Wakapeana mikono kama marais.

Mtafiti akaondoka na gari huku anapiga mluzi. Hakufika mbali, mluzi ukamkatikia mdomoni. Akaegesha kando ya barabara, akashika kichwa.

Kushoto alikuwa ameweka maua. Duara lilitokea kushoto. Alidanganya alipoviweka vikaratasi, akadanganya tena alipoigeuza sahani, na uongo wa pili ulikuwa umemrudisha, bila yeye kutaka, kwenye ukweli. Maua yaliua! Kapsuli hazikuua!

Akarudi chumba chake cha kupanga akamimina sahani nyingine, safari hii kwa mate yake mwenyewe, na maua yaliyobaki mfukoni. Matokeo yakawa yale yale: maua duara, kapsuli godoro. Akajaribu tena. Vile vile. Akakaa kitandani na kuelewa mambo mawili. Kwanza, zile kapsuli za Muuza Dawa zilikuwa chaki tupu ndani ya koti jekundu. Pili, yeye, baada ya maisha marefu ya kuuza kisichokuwepo, hatimaye alishika kitu kilichopo, akakitoa kwa kigari chenye taa moja ya nyuma iliyopasuka. Alijiona ametapeliwa. Nani amemtapeli hakujua, lakini alimkasirikia sana mtu huyo.

Watafiti wa kweli wapo, na wengine kweli wanashughulika na maua. Lakini hao, kabla ya kulipima ua, huliosha, na wakiona duara kwenye sahani hawakimbilii kusema watu wamepona. Mtafiti wetu hakuwa na mazoea ya kuosha vitu.

Huku nyumbani, Mama Viti alirudi na vijana wake, viti vimepakiwa kwenye gari la kuazima la jirani.

"Baba watoto, gari langu liko wapi? Nimepiga simu mpaka simu imechoka."

"Mke wangu, kaa kwanza."

"Nikikaa sitainuka mzima. Liko wapi?"

Akamweleza. Alianza na ulimwengu na wataalamu wake wasiolala, akaingia kwenye mate, akamalizia na kadi ya gari. Mama Viti alisikiliza mikono kiunoni.

"Jumamosi nina harusi," akasema. "Hema kubwa, na viti vya ukumbi mzima. Nisipofika, yule mwenzangu wa upande wa pili wa soko atafika, na huyo akishika mteja hamwachii. Bila gari mimi sina kazi, bila kazi hii nyumba haili. Bibi harusi atakaa juu ya sahani yako?"

"Lakini duara nimeliona kwa macho yangu..."

"Maua aliyatoa wapi?"

"Hapo uani. Aliyaokota chini, hakupanda."

Mama Viti akatoka hadi kwenye mlonge, akachuchumaa, akaokota ua moja, akalinusa, akaligeuza. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Baba watoto, viti na mahema naviosha wapi?"

"Hapo hapo chini ya mlonge, kwenye kivuli."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa ile dawa yako ya koga, isiyo na harufu."

"Na maji yakitiririka yanasimama wapi? Na maua yanaangukia nini?"

Muuza Dawa akafikiri kwa bidii, jasho likamtoka. "Sasa koga na maua vinahusiana nini?"

"Nilimwambia marehemu baba sikutaka mwanamume mzuri wa sura," akasema Mama Viti. "Dawa hiyo inaua koga, inaua vijidudu, inaua kila kilicho hai na kidogo. Ua likishalowa dawa hiyo na kukauka nayo, hata soksi yako ingeshinda hospitali. Chukua kofia, tunakwenda kumtafuta."

Hawakuhitaji kofia. Geti liligongwa. Mtafiti amesimama nje na koti lake la iodini, na nyuma yake lile gari jeupe. Mama Viti alimtazama akamjua kabla hajasalimia, akamkanyaga mumewe mguu ili anyamaze.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye mgeni wetu wa sayansi?"

"Ndiye, mama. Nimerudi kwa sababu dhamiri imenisuta. Usiku silali. Gari la familia nalichukuaje? Nimeona heri nilirudishe, mzee anirudishie ile siri, tuwe kama hatukujuana."

Mtu aliyewahi kumrudishia Mama Viti kitu bila kushitakiwa hakuwa amezaliwa. Akaelewa: huyu anaamini. Mtego alioutega mwenyewe umemnasa mwenyewe, na bado anaupigia makofi.

"Haiwezekani," akasema, akaketi juu ya kiti kimoja cha plastiki kwa utulivu wa mtu aliyeketi kwenye vingi. "Gari ni chuma. Chuma kinashika kutu. Maua yanatoka kila siku. Mume wangu kafanya biashara nzuri, mara moja katika maisha yake, nami nimvunje moyo?"

Muuza Dawa akafungua mdomo. Akakanyagwa tena.

"Mama, tusielewane vibaya," akasema Mtafiti, na sukari ikaanza kupungua sautini. "Kuna jambo sikutaka kulisema mbele ya watu. Zile kapsuli nyekundu za mzee ni chaki. Nimezipima. Habari hiyo ikitoka nje..."

Mama Viti akageuka polepole, akamtazama mumewe.

"Ni chaki?"

"Aliyeniletea alikuwa na begi zuri," akasema Muuza Dawa. "Na bei ilikuwa nzuri. Sikuona sababu ya kuuliza maswali."

"Mama yako mzazi anazimeza tangu mvua zianze!"

"Ndiyo maana bado anakohoa?" akauliza Muuza Dawa, kwa mshangao wa kweli.

Mama Viti akavuta pumzi, akaifungia kifuani kwa matumizi ya baadaye. Akamgeukia mgeni. "La kapsuli ni la nyumbani, nitalimaliza mwenyewe kabla jua halijazama. Turudi kwenye mti. Unataka mti?"

"Maua tu, mama."

"Mti ni wa marehemu baba yangu. Haupandwi, haukatwi, hauguswi tawi. Utachukua yaliyoanguka."

"Hayo hayo yananitosha." Alisema haraka mno. Mbaya zaidi, alitabasamu.

"Lakini yote. Uchukue yote, kila asubuhi, kila pembe, mpaka nyuma ya mapipa. Nikikuta hata moja limelala kwenye saruji yangu, makubaliano yamekufa. Mimi sitaki nusu mteja."

"Yote, mama! Sitaacha hata moja! Niandikie mwaka mzima!"

"Na gari ulijaze mafuta."

Akalijaza. Akakabidhi ufunguo na kadi, akatia sahihi yenye mikia mitatu, akatoka getini amejikunja kwa kicheko alichokizuia mpaka kona. Mama mzima na akili zake, amembadilishia hazina ya ulimwengu kwa kigari! Alimwonea huruma.

Kesho yake Mama Viti alipanga foleni mwenyewe mpaka kadi ya gari ikaandikwa jina lake. Jumamosi hema lilisimama, viti vikajaa, bibi harusi akakaa vizuri. Kapsuli nyekundu zilimwagwa chooni mbele ya wateja waliorudishiwa fedha zao, na mama mkwe akapelekwa kwa daktari mwenye stethoskopu na kiti cha kuzunguka. Duka siku hizi linauza sabuni, vitana na miswaki. Muuza Dawa huosha viti.

Na Mtafiti? Kila asubuhi yuko uani na koti lake jeupe, fagio mkononi, amejikunja. Anaanzia getini, anazunguka mlonge, anachokoa kwa kidole kwenye nyufa za saruji. Anabeba mfuko wake kama anayebeba mtoto mchanga, anakwenda kuchemsha, kumimina, kupaka mate na kungoja. Siku nyingine duara linatokea. Siku nyingine vijidudu vinalala godoro. Hajui kwa nini. Amefikiria mwezi, amefikiria upepo, amefikiria pengine ua linaua likiokotwa kwa mkono wa kushoto. Anarudia, analinganisha, anajisahihisha, halali. Kwa mara ya kwanza maishani mwake anafanya kazi kwa uaminifu, na haimlipi kitu.

Wiki iliyopita alifika na begi begani, macho mekundu.

"Mama, nimekuja kuaga. Nadhani haya maua hayana kitu. Sahani zote zimeota vijidudu."

"Ah, mwanangu," akasema Mama Viti kwa upole, "umefika mbali hivi ukate tamaa? Mpe Mungu kesho moja tu. Hujui kesho ina nini."

Kesho alikuwa anaijua vizuri, maana ndiye aliyeipanga. Mtafiti alipotoka, alimwita mumewe, akamwonyesha rundo la viti ambavyo havikuwa na doa hata moja.

"Osha," akasema. "Na dawa usiibanie. Mwaga kwa wingi pale shinani."

Asubuhi Mtafiti akafagia mara ya mwisho, kwa kununa. Kesho kutwa yake akarudi anakimbia, sahani ameikumbatia kifuani, duara limekuwa pana kuliko yote aliyowahi kuona, machozi yanamtoka, safari hii ya kweli. "Limerudi, mama! Limerudi!"

"Sikukwambia?"

Begi likawekwa chini. Fagio likachukuliwa. Mama Viti akaegemea gari lake, akanywa chai yake taratibu, akanyoosha kidole.

"Na pale nyuma ya pipa, Mtafiti. Yamebaki mawili."